Kanda ya Mazoezi ya Bendi ya Baba

Mama yangu,

Shikamoo. Mwanao ni mzima, nimezidi kunenepa na kupendeza, na naomba Mungu barua hii ikukute macho yamepata nafuu. Mwanaidi, dada yangu, wewe unayemsomea, usiruke mstari hata mmoja. Nakujua.

Mama, umezaa mtu wa bahati! Maskati yote hii, na matajiri wake, aliyeipata sauti ya marehemu Baba ni mimi, dereva wa lori la maji. Uliniambia kwenye simu kwamba sura yake unaiona bado, ila sauti imeanza kukutoka masikioni, na ungependa kuisikia walau mara moja tu. Basi nikaingia kazini.

Ilikuwa hivi. Nilimpelekea maji mzee mmoja muuza matairi, mzaliwa wa Unguja, huku najipigia mluzi ule wimbo wa Baba. Akaniuliza, "We kijana, huo umeutoa wapi?"

"Aliyeuimba ndiye aliyenizaa."

"Aa! Kila Mtanzania anayekuja hapa babake alikuwa mwanamuziki."

Nikamwimbia mpaka kiitikio. Sauti yangu unaijua, mbuzi wanahama mtaa. Lakini maneno niliyapatia yote, akaamini, akanitolea kanda. Kumbe mtu alificha redio ya kurekodia chini ya meza pale ukumbini Bagamoyo, bendi ikifanya mazoezi, siku zile za mwisho kabla haijavunjika. Kanda ikanakiliwa, ikauzwa kimyakimya mpaka ikavuka bahari. Wenyewe hawana habari.

Bendi iliyojaza kumbi za Dar, leo inapiga ndani ya lori langu! Gitaa la Baba Mdogo linalia vilevile. Mpiga ngoma anamchokoza: "Shabani, kaza nyuzi! Hilo gitaa au kamba ya kuanikia nguo?" Baba Mdogo naye: "Ukimaliza kupiga hizo ndoo, niambie." Kisha utani ukageuka ugomvi, nani abaki, nani ajiondokee. Nilikuwa nacheka, nikaacha.

Nimeisikiliza upande huu na upande ule, nikairudia. Nikamwendea tena yule mzee, "Huna nyingine?" Akasema, "Mwanangu, ni hiyohiyo." Nimeiingiza kwenye kadi ya simu, Bi Zuhura jirani yenu, aliyekuja huku kutembea, atakuletea pamoja na barua hii.

Nisalimie Baba Mdogo, mwambie vidole vyake havijazeeka kwenye kanda. Nisalimie shangazi yangu wa Miono, na wewe Mwanaidi, wanao waambie mjomba wao ana lori kubwa kuliko nyumba.

Ni mimi mwanao,
Rajabu

Nimeshatia sahihi, Mama, na kalamu bado iko mkononi. Kwenye simu ningeishia kutania, ndiyo maana naandika. Mwanaidi, msomee hii kabla hamjaiwasha kadi, na umshike mkono.

Kwenye kanda, wakifika kwenye wimbo ule wa Baba, Baba Mdogo anasema, "Kaka bado anaumwa. Tupigeni, sehemu yake tumwachie." Wanapiga. Penye beti zake hakuna anayefungua mdomo, gitaa tu linazunguka palepale, linamngoja. Kila wakirudia, hivyohivyo. Nimeongeza sauti mpaka spika zikakwaruza. Sina la kufanya, Mama.

Ile bahati niliyojisifia ni uongo. Baba hamo.