Mwisho wa Fundi Kufuli

2 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Bado nasikia funguo zako zikigongana ulipokuwa ukipanda ngazi siku ile tuliyorekodi. Sauti hiyo ndiyo imebeba kazi yangu yote. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, macho tu yamechoka kwa kuhariri.

Kionjo, kile kipande kifupi cha kutangaza filamu, kimekamilika. Nimefuata kanuni za filamu za kutisha: kamera chini, wewe juu, nusu ya uso gizani, funguo zinasikika kabla mtu hajaonekana. Kisha mkono wako unashika kitasa, skrini inakuwa nyeusi. Mhadhiri alishtuka hadi akajicheka. Amenipa nafasi kwenye maonyesho ya chuo, ambako watengenezaji filamu huja kutafuta vijana wa kuajiri. Nimekiweka mtandaoni mkione.

Binti yako

9 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Goti linalalamika, lakini tunaelewana. Nimejiona! Sikujua nina sura mbaya hivyo. Mama yako anasema yeye alijua siku nyingi. Jirani muuza simu ameonyesha kila mteja, na mtaa mzima sasa unaniita Mzee Kitasa.

Ila bibi wa nyumba ya kona, ambaye kufuli zake zote nilizifunga mimi, jana kaita fundi mwingine. Nilipomuuliza akasema, "Najua ni maigizo, fundi, lakini nikikuona mlangoni mwili unanisisimka." Si yeye peke yake. Wiki nzima nimeletewa kufuli za baiskeli tu.

Nimewaambia wasubiri filamu, wataona kumbe nilikuja kumfungulia mtoto aliyejifungia ndani. Inatoka lini, watu wauone mwisho wangu?

Baba yako

13 Mei

Baba,

Shikamoo, na mama nampa pole kwa kuishi na Mzee Kitasa.

Hakuna filamu, Baba. Kazi tuliyopewa darasani ni kionjo peke yake. Mwisho ule uko kwenye maelezo niliyompa mhadhiri, hakuna mwingine atakayeuona. Tunafundishwa kwamba mtazamaji hapokei tu ulichokusudia, anakisoma kwa maisha yake. Niliandika insha juu ya hilo, nikasifiwa. Sikumfikiria bibi wa kona na mlango wake.

Nikifute?

Binti yako

17 Mei

Mwanangu,

Marahaba, sisi wazima. Ukifute bure? Nilisimama kwenye ngazi zile na goti hili, na niliigiza vizuri, semeni mtakavyo. Lakini mtu akinipa ufunguo wa nyumba yake, lazima nikishaondoka asinifikirie tena. Sasa wananifikiria. Amua wewe, uliyesomea.

Baba yako

20 Mei

Baba,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa.

Nilimwendea mhadhiri, nikamwambia nataka kuongeza mwisho. Akasema kionjo kinachotoa mwisho kimevunja kanuni ya kwanza, na nafasi yangu ataipa kazi nyingine. "Unajua unachokiacha?" Nikamjibu najua. Nilipofika chumbani nililia kidogo, kisha nikawasha kompyuta.

Unakumbuka ulipodhani nimezima kamera? Mlango uko wazi, mjukuu wako, yule aliyeigiza mtoto wa ndani, amekurukia shingoni, nawe unapiga kelele, "Goti, we mtoto, goti!" Picha hiyo nimeiunganisha baada ya skrini nyeusi. Funguo ni zilezile, sikuzigusa.

Kile cha zamani nilikifuta jana. Hiki kipya nimemtumia jirani muuza simu asubuhi hii, kabla sijakuandikia.

Binti yako