Dume Jipya Limeingia Nyakabiga

Nyakabiga, Bujumbura
Jumatano

Baba,

Shikamoo. Goti lako la kushoto linasemaje na mvua hizi? Na Mama, ameacha kubeba ndoo, au bado anakuvizia ukilala? Sisi huku tunapumua. Watoto wanakula, wanakua, wanagombana. Mimi bado napikia wabeba mizigo wa maghala kule Zone Industrielle: ugali, maharage, samaki wa mukeke wa ziwani. Sufuria nne kila mchana, na hazirudi na kitu. Nilianza na moja ya kuazima, unajua mwenyewe.

Lakini sikukuandikia habari za sufuria. Roho imenichafuka, Baba.

Unamkumbuka Déo, mdogo wake marehemu mume wangu Libère, yule aliyevaa miwani ya jua ndani ya kanisa siku ya harusi yetu? Baada ya mazishi alihamia kwangu, eti kutusindikiza katika huzuni. Huzuni gani! Wiki hiyo hiyo koti lake likawa kwenye msumari wa Libère, kandambili zake mlangoni, na manukato yake ya ovyo kwenye kila kitambaa mpaka foronya za watoto. Nikakumbuka ulivyotuambia, ulipokuwa askari wa wanyamapori, kuwa simba dume likishika eneo jipya huzunguka likikojolea vichaka. Nimefua zile foronya mpaka zimepauka. Harufu ipo.

Na kula kwake, usiseme. Mimi nimetoka motoni. Godelive, dada yao Déo na marehemu, anayekaa nami na mwanawe, ametoka kuuza mboga Jabe. Bwana huyu aliyeshinda amelala ndiye wa kwanza kuvuta sahani. Vipande vinane vya samaki: vitano vyake, watu sita tunagawana vitatu. Anatafuna mdomo wazi, mafuta yanamtiririka hadi kwenye kiwiko, anayalamba, anacheua, ndipo anasema, "Haya, batoto bakule." Majike wawinde, dume litangulie kula. Ulipotusimulia nilicheka. Sikujua kuna siku nitaliandalia sahani.

Tumbo lake ningelivumilia. Jumapili ndiyo iliyonimaliza. Tulifanya kuganduka, yaani kumaliza matanga: ndugu wote hukaa, watu hunywa, na msemaji wa ukoo husimama kueleza nani ataangalia nyumba ya marehemu. Turubai, viti, kreti za bia, vyote jasho langu na la Godelive. Kwa desturi yao mtu hajisemei, humtafuta mwingine amsemee. Déo kwa uroho wake hakungoja. Akasimama mwenyewe, bia mkononi.

"Mi ndiye mukubwa wa hii nyumba sasa. Uyu mama nitamuchukua, apana kuachwa peke yake. Aline, binti yake mukubwa, atabaki kusaidia kazi. Bale mapacha bataenda Ngozi kwa bibi yao, mama apumzike, tuzae bengine."

Tuzae bengine! Mapacha wenyewe, Bukuru na Butoyi, wamekaa pale mbele na soda zao, wanamsikiliza.

Nilikuwa darasa la nne, Baba, ulipotueleza kwa nini dume jipya huua watoto wa dume lililoondoka: ili majike waache kunyonyesha, walizalie lenyewe upesi. Jioni ile hukula. Mama alikutengea, ukasema umeviona vitoto majanini, ukaenda kulala. Na simba ana udhuru wake, ndivyo alivyoumbwa. Huyu ana ubatizo na kipaimara.

Godelive akacheka kwa sauti. "We Déo, nani amekutuma kusema? Hapa mutu hajisemei. Umelewa?"

Wazee wakaguna. Hata mimi nikacheka, kwa hasira.

"Nyamaza, we mwanamuke!"

"Sinyamazi. Mama yao alipokuwa na homa, bale mapacha nilibanyonyesha mimi, na wangu mutoto akingoja zamu. Ukibapeleka Ngozi, unibebe na mimi mugongoni."

Akaja kusimama kando yangu. Bibi yao wa Ngozi, ambaye hakuna aliyemuuliza kama anataka wajukuu, akainuka na fimbo yake, akaja naye. Watoto walikuwa nyuma yetu. Kisha tukapakua, na sahani za kwanza zikaenda kwa watoto, zikampita Déo puani moja baada ya nyingine.

Akachukua koti lake msumarini. "Nitaenda Mpanda," akasema. "Baba ya uyu mama ni mutu wa kujua desturi. Tumeisha kuongea kwa simu."

Ni kweli, Baba? Kaka Paskali anasema ulimjibu, "Njoo tuzungumze, mwanamke hakai bila mwanamume." Hilo limenichukiza kuliko koti na samaki. Usiniambie mjane anahitaji ulinzi. Tangu aje, nani anamlisha nani?

Kumbuka wale majike watatu uliowaona kando ya mto. Dume liliwazidi uzito, mmoja mmoja. Ulisema hawakulishinda kwa nguvu, walisimama tu bega kwa bega mbele ya majani walimolala watoto, na hakuna aliyekimbia. Wewe ulikuwa ndani ya gari unatazama, kwa sababu kazi yako ilikuwa kutazama. Safari hii huna gari.

Déo anaondoka Jumamosi. Barua hii nampa dereva wa basi la kesho, itamtangulia. Akifika mpe maji ya kunywa. Kiti chako asikalie, na chochote alichobeba kisivuke kizingiti. Kisha mwambie mbele ya Paskali kwamba mimi sichukuliwi na watoto hawaendi popote, ili asije akageuza maneno.

Msalimie Mama, na umwambie ndoo aziache. Msalimie Paskali, nashukuru kwa kutonificha. Na shangazi anayeshona, Aline bado anasubiri kitenge chake. Godelive anakuamkia ingawa hamjaonana.

Bukuru na Butoyi wanauliza kama babu bado ana bunduki. Nimewajibu ana mdomo, unatosha.

Mwanao,
Anastazia