Siku Aliyokufa Eikichi

Tsuru shoga, natoka kwa Chinen sasa hivi, yule kijana anayeandika historia ya kijiji.

Nilimpa siku aliyokufa mdogo wangu Eikichi, kama mama alivyonifundisha: mwezi wa tatu, siku ya tatu, mwaka 1945. Homa, kabla vita havijatufikia.

Akaniuliza, "Bibi, sikukuu ya wanawake kushuka pwani, ile ya mwezi wa tatu siku ya tatu, mama yako alishuka?"

Hakushuka hata mwaka mmoja, unakumbuka. Alibaki ndani akimfukizia Eikichi ubani.

"Basi alihesabu kwa mwezi wa angani, kama sikukuu hiyo, Bibi. Kwa kalenda ya sasa ni Aprili kumi na nne."

Aprili, Tsuru. Aprili tulikuwa pangoni, na wanajeshi wa adui wamejaa juu yetu.

Mama alinitegea kitendawili miaka yote hii, nami nikidhani nimeshakitegua.

Nikamuuliza, homa gani ya pangoni? Akainamisha kichwa. "Bibi, mle watoto waliolia walizibwa midomo hadi pumzi zikakatika, adui asisikie. Na mama zao wenyewe."

Na mama zao wenyewe, Tsuru.

Akasema, "Niandike nini, Bibi?"

Nimemwambia tarehe aandike Aprili. Ugonjwa aandike homa. Mama alisema homa.