Senti ya Mzee Inazunguka

Haikufutika, Simiyu! Alama ya mzee wetu iko palepale kwa ukingo wa senti yake ya tundu, nimeiona na macho yangu haya, na aliyenionyesha ni Naliaka, msichana wangu, yule uliyesema ataharibiwa na simu!

Haya, sasa nikusalimie. Mpendwa kaka, hujambo huko Cheptais? Baridi ya mlima haijakumaliza? Sisi hapa Matisi tuko wazima, Mungu ni mwema. Simu zangu hushiki, mwaka wa tatu sasa, kwa hivyo nimemwambia Naliaka aiweke barua hii mtandaoni, pale watu wetu wote wanasoma. Ningeifunga kwa bahasha ungeitia mfukoni, useme haijafika. Nakujua.

Unakumbuka mkebe wa majani chai wa mzee? Tukiwa watoto kule Ndalu, mvua ikinyesha, wewe na mimi tulikuwa tunalala kifudifudi juu ya magunia ya mahindi, mzee anatumwagia zile pesa za zamani alizolipwa kwa shamba la mzungu karibu na Kitale. Shilingi za simba. Senti za tundu. Ulikuwa unasimamisha shilingi juu ya kigoda, unaipiga kidole, inazunguka mpaka inakuwa kama mpira wa mwanga. Mimi nalia ati imepotea. Wewe unacheka.

Senti moja tu ya tundu ndiyo sikuruhusiwa kushika. "Hiyo mzee aliikata na tupa siku nilizaliwa," uliniambia. "Iko na alama yangu." Nikakuuliza, na yangu? "Yako itatoka wapi? Si wewe uliokotwa sokoni, katikati ya mifuko!" Mzee alicheka tu, akafunga mkebe. Bana, nililia siku mbili.

Kwa hivyo uelewe. Siku ya kumaliza matanga yake nilitaka kumpa heshima. Nilichukua zile pesa zote, nikazisugua na majivu na ndimu mpaka zikang'aa kama sufuria ya arusi, nikazipanga kwa sinia ili wageni waone baba yetu hakuwa mtu wa bure. Ukaingia na kikombe cha chai mkononi. Ukasimama. "Vidole vya mzee vilikuwa hapo! Umemfuta mzee, wewe!" Mbele ya watu wote. Ukachukua koti ukaenda. Nilifunga mkebe nikauweka chini ya kitanda. Sikuufungua tena, kwa sababu nilikuamini.

Ni Naliaka aliyeutoa mwaka huu. Ati kuna watu duniani wanaokusanya pesa za zamani na wanataka kuziona vizuri kabla ya kuamini ni za kweli. Akaniambia, "Mama, hao hawapendi zikisuguliwa. Wanapenda uzee wake." Nikamuuliza, "Kwa hivyo mjomba wako alikuwa na haki?" Akasema, "Ya kukasirika, ndiyo. Ya kukupigia kelele, hapana." Huyo ndiye mtoto nimezaa!

Sasa sikiliza kazi yake, na ujue mimi nimeishia darasa la saba, nakuambia tu nilichoona. Alitoa kainjini kadogo ndani ya mikrowevu iliyoharibika, akakafunga kibao juu. Akasimamisha shilingi kwa kibao na tone la gundi laini. Akaizungushia katoni iliyotandikwa karatasi nyeupe, taa huku na huku. Kibao kinaenda pole, pole, na kamera inapiga. Hatua kidogo, picha. Hatua kidogo, picha. Picha thelathini na sita kwa duara moja! Halafu kompyuta inazishona pamoja ziwe kitu kimoja.

Akanipa simu. "Haya mama, angalia upande wa nyuma." Mimi nikanawa mikono kwanza, nikaigeuza simu nione mgongo wa shilingi. Nikaona kava ya simu. Kaka, mtoto alicheka mpaka akakaa chini! "Si hivyo! Weka kidole, uvute." Nikaweka, nikavuta.

Simba akageuka. Nakuambia akageuka, kwa kidole changu hiki cha kuchuna mboga, mwanga ukapanda juu ya mgongo wake ukashuka, na mimi nikashika kifua. Nikimwachilia anasimama. Nikimvuta anarudi. Hiyo shilingi yako iliyokuwa inapotea juu ya kigoda, sasa inazunguka na haipotei! Na Naliaka ananiambia hata mtu aliye ng'ambo anaigeuza vilevile akiwa kwake. Majirani wamekuja kujaribu, mlango wangu haufungwi. Nawaambia, polepole, huyo ni baba yangu mnashika.

Siku ya mwisho ikawa zamu ya senti ya tundu. Nilitaka kutoka nje. Naliaka akanishika mkono. Nikavuta. Tundu likaanza duara, likawa jembamba kama mwezi mchanga, likafungika, na ukingo ukaja mbele yangu, mkubwa, umejaa kioo. Hapo nikaona mkato wa tupa, ndani yake bado mweusi. Majivu yangu hayakuingia hapo, kaka. Weusi ule ni wa mzee.

Na kando yake, karibu sana, upana wa unywele, kuna mkato wa pili.

Nilichukua senti yenyewe nikaenda nayo mlangoni kwa jua, nikapitisha ukucha. Ukakwama mara moja. Ukakwama tena. Nikakaa pale kwa kizingiti, mtu mzima na wajukuu, nikalia kama yule msichana wa kwa magunia. Ulijua, Simiyu? Au hata wewe mzee alikuficha?

Naliaka ameweka picha za pesa zote mtandaoni isipokuwa hiyo. Anasema khocha ndiye ndugu ya mama, na mtoto hawezi kufurahia kitu kikubwa khocha wake akiwa amenuna. Anataka kidole cha kwanza kuizungusha mbele ya watu kiwe chako. Mimi sina haja useme pole. Nilisugua, ulipiga kelele, na mzee ametushinda sisi wote wawili. Njoo tu. Nimefuga jogoo mwekundu, na kiti cha mzee nimekifuta vumbi, vumbi tu. Watu wa Ndalu wameshathibitisha watakuja kuiona, na wa Bungoma mjini pia.

Mimi dada yako, mkato wa pili,
Mama Naliaka.

Wote wanafika Jumamosi ya kwanza ya Disemba, saa nane mchana.