Barua Aliyotusomea Baba Yenu

Phoebe mwanangu,

Maharagwe yako jikoni, yaongeze maji yasiungue. Nguo zianue kabla ya mvua. Mimi nakwenda kupanda gari la moshi la Kisumu, nimfuate Lazarus shuleni.

Asubuhi nilikuwa napiga pasi koti la baba yenu, nikaikuta ile barua ya Lazarus aliyotusomea wiki tatu zilizopita. Unajua humu ndani barua hagusi mwingine ila yeye. "Hajambo, anawasalimu nyote," alisema, nasi tukamshukuru Mungu. Leo nimeisoma mwenyewe, herufi moja moja, kama tunavyofundishwa kanisani. Salamu hamna. Ndugu yako anatema damu, tena anauliza mbona barua zake mbili za kwanza hatukumjibu.

Kumbe miaka yote hii baba yenu hajui kusoma! Akaona aibu yake ni nzito kuliko mtoto.

~~Akirudi kutoka kwa mzungu wake Westlands, mpe karatasi hii ajisomee.~~

Hapana. Mkalishe, mpe chai, umsomee hii, kisha ya Lazarus. Nimeiacha chini ya sahani. Isome kama ilivyo. Usimtungie salamu.

Mama yenu