Kompyuta ya Antonia na Ile Safari ya Mtwara

Ganako,
Karatu.
12 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Yohani,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi, mimi dada yako nikiwa nimejitanda mashuka mawili na mkono mmoja tu uko nje wa kushika kalamu. Habari za Mtwara na joto lake? Wifi yangu Angelina hajambo? Presha yake imetulia? Watoto wanasoma? Sisi huku wazima. Shemeji yako Isaya kikohozi kimemwachia, maharage tumeshapura, mahindi bado yanakauka shambani.

Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu hunisikilizi. Nikianza, na wewe unaanza. Barua utaisoma mpaka chini. Anakuletea Dickson, yule jirani yetu wa lori la vitunguu.

Jambo lenyewe ni Antonia. Umempigia baba yake ukamwambia kwamba kwa vile mtoto ameunguza kompyuta uliyomtumia, basi ni mharibifu, apande basi Jumatatu ya tarehe 21 aje kuuza misumari na saruji dukani kwako. Isaya akaitikia. Mimi sikuitikia, na leo nakuambia kwa nini.

Kwanza umjue mpwa wako. Mtalii wa hapa kwetu ni mtu wa kupita. Leo kashuka kreta, kesho saa mbili asubuhi yuko njiani kurudi kwao. Antonia anawatengenezea filamu fupi ya safari yao, faru, viboko, wao wenyewe wakicheka garini, na anatakiwa kuikabidhi kabla hawajaondoka. Kompyuta yako ilikuwa nzuri, asante, lakini nzito. Filamu moja ilikula saa kumi na sita mpaka kompyuta iikamilishe. Tajewo, yule Mmasai wa Piyaya anayeongoza watalii, alikuwa akisimama hapa uani anamtania: “Antonia, hiyo ni kompyuta au ni punda wa mama yangu? Wageni wangu watafika kwao hawajaona hata mkia wa simba!”

Ndipo akajifunza mwenyewe, bila mwalimu, kuipandisha kasi. Wenyewe wanaita ovakloki. Alinieleza mimi wa darasa la saba nikaelewa, basi na wewe utaelewa. Ndani kuna prosesa, ndiyo inayofikiri. Kiwandani wameiwekea mwendo wake, lakini unaweza kuingia kwenye mipangilio yake ukaiambia ikimbie zaidi. Ila ikikimbia inakula umeme mwingi na inachemka, na ikikosa hewa, kitu kinaungua. Si mchezo, sikufichi. Mwanzoni alipandisha kwa pupa, ikagoma katikati ya kazi na filamu ya harusi ya watu ikapotea. Alilia, akajifuta, akaianza upya. Tangu hapo anapandisha kidogo, anaiangalia siku nzima, joto lake analiandika kwenye daftari kama nesi wa wodini. Akafunga feni kubwa, akaiacha ubavu wazi na dirisha wazi.

Zile saa kumi na sita zikawa kumi na moja. Tajewo akaacha utani, akaanza kuleta wenzake. Loji mbili zikamwita. Yohani, nitajie msichana mwingine Karatu nzima anayefanya hivyo. Usihangaike kutafuta, hayupo. Kwaya yangu yote inajua, nimewaambia mwenyewe.

Sasa hapa soma polepole. Kompyuta haikuunguzwa na Antonia. Niliiunguza mimi.

Siku hiyo alikwenda Oldeani kupiga picha za kahawa, akaiacha ikifanya kazi. Aliniambia mlangoni, “Mama, dirisha usifunge.” Nikasema sawa. Halafu malori yakapita, lile vumbi letu jekundu likaingia mpaka kwenye vikombe. Nikaona kitu cha thamani kinachafuka. Nikafunga dirisha, nikairudishia ubavu wake, nikaifunika na kitambaa changu cheupe cha kufuma, kile kikubwa cha maua. Unanijua. Redio nimeivisha, televisheni nimeivisha, hata mtungi wa gesi una gauni lake. Nikaenda zangu kwenye maharage, roho nyeupe.

Niliporudi chumba kilinuka plastiki. Nikavuta kitambaa, kina alama ya kahawia katikati. Nikakificha.

Antonia aliporudi, baba yake alimfokea kwamba tamaa yake ya kasi imeteketeza mali ya mjomba. Mimi nilikuwa pale pale nimeshika sufuria, na mdomo wangu huu unaoujua haukutoa neno. Mtoto alifungua kompyuta, akavuta uzi mweupe kwenye feni. Akautazama, akanitazama, akautia mfukoni. Halafu akamwambia baba yake, “Ni kosa langu, niliipandisha mno.”

Siku kumi nimekiacha kitambaa mafichoni.

Jana nilimwambia Isaya yote. Akaniuliza kama na yeye nitamfumia gauni. Amekubali kwamba safari haipo. Fundi wa Arusha amesema prosesa ni nzima, bodi, kile kibao kinachoishika prosesa, ndiyo iliyoungua, na bodi ya aina ile anayo. Hiyo nainunua mimi, wewe sikuombi kitu. Antonia ataifunga mwenyewe, na ataipandisha kasi tena. Huenda siku moja ikaungua kweli kwa mkono wake. Ikiungua, atakuwa hapa kwangu, akijifunza, si huko nyuma ya kaunta.

Ninachotaka kwako ni simu moja. Usinipigie mimi wala Isaya. Mpigie yeye, ulifute lile neno mharibifu, kwa sauti yako mwenyewe. Nilikubeba mgongoni miaka mitatu, Yohani, hili si kubwa.

Kabla ya kuifunga barua hii nimempa Antonia aisome. Amekaa nayo kizingitini muda mrefu, mimi nimejifanya nachambua mchele. Amemaliza, ameikunja vizuri, akasema, “Kwa hiyo Jumatatu sisafiri?”

Nikamwambia, “Husafiri.”

Ameingia ndani. Namsikia anatoa nguo kwenye begi.

Msalimie sana Angelina, watoto, na majirani zako wote wanaonikumbuka. Mungu awalinde, alijaze duka lako wateja, na muuzaji mzuri akupatie huko huko Mtwara.

Dada yako akupendaye hata ukinuna,

Selestina