Hakuelewa Maelekezo

Dada yangu mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta salama, wewe na shemeji na watoto, na kile kikohozi chako kimekwisha. Mimi mwili hauna neno. Kinachonisumbua si mwili.

Uliniuliza matokeo ya utafiti wetu yatatoka lini, kwa kuwa nawe ulikuja kujitolea. Yametoka, na yananikera hadi nashindwa kula.

Sasa naweza kukueleza siri yake. Zile barua za kuomba kazi mlizoamriwa kuzichana zilikuwa za kubuni, na yule aliyekuwa akilia ng'ambo ya ukuta kwamba asichaniwe yake alikuwa sauti iliyorekodiwa tu. Daktari, mkuu wetu, alitaka kujua mtu wa kawaida atachana ngapi akiambiwa tu na mwenye koti jeupe kwamba aendelee, wajibu si wake. Walikuja watu sitini. Thelathini na wanne walichana hadi ya mwisho, ishirini na sita wakagoma. Mimi kazi yangu ni kuingiza fomu kwenye kompyuta, basi.

Jumatatu Daktari akaja mezani kwangu. Tunamwita Bwana Kwa Hiyo, maana hana sentensi isiyoanza hivyo. Akasema kwa hiyo hao ishirini na sita hawakuelewa maelekezo, niwaandike hivyo na kuwatoa. Nikamjibu, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, kwamba wengine walieleza sababu zao. Akanigusa bega kwa upole akasema niendelee tu, wajibu ni wake. Dada, maneno yaleyale! Nami nikaendelea. Angalau angenifokea, ningepata cha kujitetea. Ijumaa ndiyo siku ya kusaini mkataba wangu wa kudumu, lakini hata hakuutaja. Niliutaja mwenyewe moyoni.

Mpokezi wetu alipita akaona nilichokuwa nikiandika, akacheka, akasema kumbe wa sitini na moja ni mimi, tena sikuhitaji hata koti jeupe. Nilimjibu kwa hasira akashike simu zake. Ila alisema kweli.

Ripoti sasa inadai watu wote walitii, mia kwa mia.

Linalonichoma zaidi ni hili. Fomu hazina majina, namba tu, lakini ya kumi na moja ilikuwa ya mshonaji wa umri wako. Alichana mbili, akasikia kilio, akazikalia barua zilizobaki, akamwambia mwenye koti kama ana hamu ya kuchana aanze na koti lake, yeye atamshonea. Nani mwingine? Nilicheka peke yangu. Kisha nikaandika: hakuelewa maelekezo. Nimekuandika hivyo wewe, uliyenifundisha kusoma. Nisamehe.

Fomu hizo zilikuwa zichomwe leo mchana. Nimezitoa kwenye gunia, zote ishirini na sita, zimo mkobani mwangu. Hapa chini nilikuwa nimekuomba uniambie nifanye nini. Nimeikata sentensi hiyo, utaona wino. Kesho saa tatu asubuhi kamati ya chuo inakaa kuipitia ripoti. Nitazipeleka mwenyewe.

Mpe shemeji salamu zangu, wapwa wangu wabusu mmoja mmoja, na unywe dawa.

Mdogo wako,
ambaye hadi leo jioni bado ni karani.